Mpira ulionyooka ndio unaokuumbua

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 34, nimeanza kucheza pool miezi minne iliyopita. Ajabu yangu ni kwamba mipira ya kukata pembeni naingiza, lakini ule ulionyooka, yaani mweupe, wa rangi na shimo vyote kwenye mstari mmoja, naukosa mbele za watu. Na siku nikiupata, mweupe nao unaufuata humo humo shimoni. Wenzangu wamegawanyika: huyu ananiambia nipige taratibu, yule ananiambia nipige kwa nguvu. Je, ninunue fimbo yangu? Na nianze kujifunza kuuzungusha mweupe kwa ubavuni kama ninavyoona wakubwa wakifanya? Halafu navaa miwani, sijui kama nayo ni tatizo."

Marahaba, ndugu yangu. Kwanza nikutoe aibu: mpira ulionyooka si mpira rahisi. Wale wanaokaa pembeni na kusema "huo hata mtoto anaingiza" hawajawahi kupiga hesabu yake. Tuipige mimi na wewe. Mpira wa pool una kipenyo cha milimita 57 na kidogo. Tuseme mweupe uko mita 1 kutoka kwenye mpira wa rangi. Ukiupeleka kombo kwa digrii 1 tu, kosa ambalo macho yako hayalioni, katikati ya mweupe itapita milimita 17 pembeni ya katikati ya ule wa rangi. Kwa mgongano huo, wa rangi hauondoki kombo kwa digrii 1. Unaondoka kombo kwa digrii 17 hivi. Sasa kama shimo nalo liko mita 1 mbele, na mdomo wake una upana wa mipira miwili, ruhusa uliyopewa ya kukosea ni kama sehemu moja ya kumi ya digrii. Kwa hiyo siku nyingine wakikucheka, waachie wao fimbo.

Lakini swali lako la kweli ni kwa nini ya kukata inaingia na huu hauingii. Nimewaona wanafunzi wengi wenye hali hiyo hiyo, na karibu wote chanzo ni kimoja. Mkono wako unaisukuma fimbo kidogo kulia kila unapopiga (au kushoto, sijakuona). Macho, bila kukuuliza, yamejifunza kulenga upande wa pili kidogo ili kufidia. Makosa mawili yanafutana, mpira unaingia, unapigiwa makofi. Mpira ulionyooka haukubali biashara hiyo. Pa kulenga panajulikana wazi, macho hayana pa kujifichia, na kosa la mkono linabaki uchi.

Ndiyo maana sitaki tuanze na kulenga. Tuanze na mkono.

Siku ukiwa peke yako mezani, ondoa mipira yote, bakiza mmoja. Usichukue mweupe, chukua mmoja wa ile yenye mkanda, namba 9 hadi 15. Uweke katikati ya upana wa meza, upande ule wa kufungulia mchezo, na uugeuze mpaka mkanda wake usimame wima kama gurudumu linaloelekea mbele. Upige kwa nguvu ya wastani moja kwa moja hadi ukingo wa mbali, urudi kwako. Fimbo iache palepale ilipoishia, usiinuke. Kama mkono wako ni mnyoofu, mkanda utabiringika bila kuyumba na mpira utarudi kugonga ncha ya fimbo. Kama umeugusa kulia ya katikati, mkanda utayumba kama gurudumu lililolegea, na ukigonga ukingo utarukia kulia. Meza haina upendeleo: inakusomea kosa lako kwa sauti.

Mimi nilifanyiwa mtihani huu baada ya miaka miwili ya kucheza, tena nikiwa najiona fundi. Kati ya mapigo kumi, mpira ulirudi kwenye ncha mara moja. Mzee aliyekuwa ananipima hakusema kitu. Alinirudishia tu ule mpira na kuondoka kwenda kunywa maji.

Mkono unanyooshwa kuanzia miguuni. Simama wima nyuma ya mpira, na uone mstari kutoka shimoni hadi kwenye mweupe kabla hujainama. Kazi ya kulenga inaishia hapo juu. Kama unatumia mkono wa kulia, mguu wa kulia ukanyage mstari huo, wa kushoto usogee mbele na pembeni kidogo, ndipo ushuke juu ya mstari kama ndege anayetua. Wanaoanza hufanya kinyume: wanainama kwanza, kisha wanajisogeza kiuno na bega wakilitafuta shimo. Ukijikuta unajisogeza, inuka, rudi nyuma, anza upya. Hakuna anayekudai.

Mkono wa kushoto ndio egemeo la fimbo. Ulaze sentimita 20 hadi 25 nyuma ya mweupe, kiganja na ncha za vidole vikikandamiza kitambaa, kidole gumba kikibana ubavu wa kidole cha shahada hadi kitengeneze mfereji, na fimbo ipite humo. Ile pete wanayoifanya wakubwa, ya kuizungushia fimbo kidole cha shahada, achana nayo kwa sasa. Mkono wa kulia uishike fimbo kama unavyomshika kifaranga: asitoroke, na asife. Kiwiko kitulie juu. Kuanzia kiwiko kushuka chini, mkono uning'inie wima kama timazi ya fundi mwashi wakati ncha inapougusa mpira, ubembee kutoka kwenye kiwiko tu. Bega halina kazi hapo.

Bembeza mara tatu au nne, simamisha ncha karibu kabisa na mweupe, hamishia macho kwenye mpira wa rangi, vuta nyuma polepole, piga, na uiache fimbo ipite kama sentimita 10 au 15 mbele ya pale mweupe ulipokuwa. Kisha baki chini. Hili la kubaki chini nitalirudia hata ukichoka kulisikia, kwa sababu ndiyo hitilafu ninayoiona kwa wanafunzi wengi kuliko nyingine yoyote: hamu ya kuona kama umeingia inamwinua mtu nusu sekunde kabla fimbo haijaugusa mpira, bega linapanda, fimbo inachepuka. Mpira ukishaachana na fimbo hauhitaji kusindikizwa.

Nyumbani, bila meza, laza chupa tupu ubavu juu ya meza ya kawaida, uweke egemeo lako mbele ya mdomo wake, na upitishe fimbo au kijiti chochote kilichonyooka ndani na nje bila kugusa kuta za mdomo. Dakika kumi kwa siku. Inachosha akili, najua. Inafanya kazi.

Sasa tuje kwa wenzako wawili, huyu wa taratibu na yule wa nguvu. Kila mmoja amekupa nusu ya ukweli, na kwenye nusu iliyobaki ndipo mweupe wako unapotumbukia.

Mpira unapougonga mwingine wa uzito uleule katikati kwa katikati, unaupa mwendo wake wote wa mbele. Ungetegemea basi mweupe usimame hapo hapo. Na kweli unasimama, kama umefika ukiwa unateleza tu, bila kubiringika. Tatizo ni kitambaa. Ukiugusa mweupe katikati kabisa, unaanza safari kwa kuteleza, lakini msuguano wa kitambaa unaukamata na kuulazimisha kubiringika. Ukipiga taratibu kwa umbali wa mita 1, unafika ukiwa tayari unabiringika kama gurudumu. Unagonga, unautoa mwendo wote, ila mzunguko unabaki nao. Husimama kama unavuta pumzi, kisha ule mzunguko unashika kitambaa na kuusogeza mbele. Bila shaka umeona hicho kisimamo kidogo kabla haujaanza kuufuata wa rangi shimoni. Ukipiga kwa nguvu, kitambaa hakipati muda wa kuukamata, unafika bado unateleza, unasimama. Ndiyo maana mwenzako wa pili anaona ana haki. Lakini nguvu hiyo hiyo inalikuza kosa la mkono wako, na mpira wa rangi ukifika kwa kasi hiyo na kugusa pembe ya shimo, unatemwa.

Kuna njia ya tatu, na ndiyo ninayotaka ujifunze kabla ya kitu kingine chochote. Uguse mweupe chini ya katikati, kama upana wa ncha ya fimbo, milimita 12 au 13. Unaondoka ukiwa na mzunguko wa kurudi nyuma. Kitambaa kinaula kidogo kidogo. Na kama umepima vizuri, mzunguko huo unakwisha wakati uleule mipira inapokutana. Mweupe unasimama kama umepigiliwa msumari. Umbali ukiongezeka, gusa chini zaidi kidogo au ongeza nguvu kidogo. Kwa hiyo nguvu na mahali pa kugusa haviulizwi kila kimoja peke yake.

Fanya hivi: weka mpira wa rangi shubiri mbili kutoka kwenye mweupe, vyote vikitazama shimo la kona. Piga usimame. Usipigie makofi mpira ulioingia. Tazama mweupe umesimama wapi. Ukisogea mbele, uligusa juu mno au ulipiga kwa unyonge. Ukirudi nyuma, umepitiliza. Ukichepuka kulia au kushoto, hukuugonga wa rangi katikati, na hilo linaturudisha kwenye mkanda na ukingo. Ukiweza kuusimamisha mara nane kati ya kumi, ongeza shubiri moja. Mimi ningekaa kwenye zoezi hili mwezi mzima, na sitaki unidanganye kwamba umemaliza kwa wiki.

Ukishaujua msimamo, mengine mawili ni majirani zake: gusa juu ya katikati, mweupe unafuata, gusa chini zaidi, unarudi. Katika kurudisha, usiinue mkia wa fimbo ukidhani ndiyo kwenda chini; shusha egemeo, fimbo ibaki imelala kadiri inavyowezekana. Na usivuke nusu ya njia kutoka katikati ya mweupe hadi ukingo wake. Kupita hapo, ncha inateleza, unasikia ule mlio mkavu wa aibu, na chaki yote duniani haitakuokoa.

Kwa mipira ya kukata, kwa kuwa macho yako yamezoea kudanganya, yape kitu cha kweli cha kushika. Fikiria mpira mwingine mweupe umegusana na ule wa rangi, kwa nyuma, kwenye mstari unaokwenda shimoni. Mimi nauita mpira hewa, kama wale watumishi hewa: jina lipo, mtu hayupo. Kazi yako ni kuupeleka mweupe wako ukakalie kiti chake. Wanaoanza huilenga ile nukta ya mgusano yenyewe, na ndiyo maana hukata pungufu: kinachotakiwa kupita kwenye mstari wa fimbo ni katikati ya mweupe, na wakati wa kugusana katikati hiyo iko karibu milimita 29 nyuma ya nukta. Kipimo kimoja cha kukariri: ukielekeza katikati ya mweupe kwenye ukingo wa mpira wa rangi, wa rangi utaondoka kwa digrii 30. Kutoka hapo unakadiria, huu unataka zaidi ya hapo, ule unataka pungufu.

Digrii 30 hizo hizo zinakusaidia kujua mweupe utakwenda wapi. Ukifika ukibiringika na kuugonga wa rangi isivyo katikati sana wala isivyo ukingoni sana, utachepuka karibu digrii 30 kutoka njia yake ya awali. Tanua kidole cha shahada na cha kati kama alama ya ushindi, kimoja kielekee njia ya mweupe, kingine kinakuonyesha utakakokwenda. Ukifika ukiteleza bila kubiringika, utaachana na wa rangi kwa pembe mraba. Kati ya hayo mawili utajua mapema kama unaelekea shimoni, na mweupe wako utapunguza safari za chini ya meza.

Nikwambie pia ukitazama video za mabingwa utazame nini. Chukua Efren Reyes wa Ufilipino: usitazame mipira inayoingia, tazama mweupe peke yake. Mmarekani Willie Mosconi aliwahi kuingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa, mwaka 1954 kule Springfield, Ohio, na rekodi hiyo ilikaa hadi 2019 alipofika John Schmidt na 626. Hakuna binadamu anayeingiza mipira 526 migumu mfululizo. Mweupe ulikuwa unapelekwa kila mara mahali ambapo mpira unaofuata ni mwepesi. Kwako wewe sasa hivi, hiyo ina maana ya kitu kidogo tu: kabla hujapiga, jiambie unataka mweupe uishie wapi. Hata ukikosa, umejua umekosa nini.

Fimbo: usinunue bado. Mkono wako ungali unabadilika, na fimbo mpya itakupa kisingizio kipya. Chagua ya ukumbini iliyonyooka. Ishike kama bunduki na uangalie urefu wake kwa jicho moja, au ibiringishe mezani uone kama inarukaruka. Zenye uzito wa gramu 510 hadi 600 ni za kawaida. Kinachohitaji macho zaidi ni ncha ya ngozi. Kama imekuwa bapa na kung'aa kama kisigino cha kiatu cha zamani, haitashika chaki. Rudisha, chukua nyingine. Chaki yenyewe ipake kama unavyopaka rangi, ukipitisha kwenye ncha yote. Usiichimbe katikati kama kekee. Kwa taarifa tu, wanaoiita chaki wanakosea tangu 1897, mwaka ambao William Spinks na William Hoskins walipata hataza ya mchanganyiko wa silika na unga wa kusagia ambao ndio uliozaa tunayotumia leo.

Kuhusu kuuzungusha mweupe kwa ubavuni, jibu langu ni hapana, na najua hutalipenda. Ukiugusa mweupe upande wa kulia, kwanza unaondoka ukichepuka kidogo kushoto. Kisha, kama mkia wa fimbo umeinuka, unapinda kurudi kulia. Halafu ukigusana na wa rangi, unausukuma ubavu kidogo kwa msuguano. Hayo ni marekebisho matatu ya kuweka kichwani juu ya mkono ambao bado haujanyooka. Tena, kwa vile mkono wako unachepuka, tayari unazungusha ubavuni kila siku bila kutaka. Kwanza tuuondoe huo usio wa hiari.

Sheria nitazigusa tu. Kwenye mchezo wa mpira namba 8, kila ukumbi una katiba yake, kwa hiyo ulizeni kabla ya kufungua: faulo ni mapigo mawili, au mpinzani anauweka mweupe popote anapotaka? Sheria za kimataifa zinasema popote, na zinadai pia kwamba baada ya mgusano mpira uingie au mmojawapo uguse ukingo. Mweusi, yaani huo namba 8, ukiingia kabla hujamaliza mipira yako, au ukiingia pamoja na mweupe, umepoteza. Na usikimbilie kumaliza mipira yako myepesi huku miwili imebanana kwenye kona ya mbali. Mipira yako iliyokaa midomoni mwa mashimo inamzibia mpinzani. Ukishindwa kumaliza yote, iache imkere.

Ukipata saa moja mezani peke yako, robo ya kwanza iwe ya mpira wenye mkanda kwenda na kurudi, nusu saa iwe ya kuusimamisha mweupe, na robo iliyobaki mwaga mipira mitano popote, weka mweupe utakapo, ujaribu kuimaliza. Hapo ndipo utaona kama lile zoezi la kusimamisha limeingia damuni, maana utakapokuwa na hamu ya kumaliza, mkono utarudi kwenye tabia zake za zamani.

Miwani sasa. Ndiyo, inaweza kuwa tatizo, na nimefurahi umeuliza kwa sababu wengi hawaoni uhusiano. Unapoinama kidevu kikiwa karibu na fimbo, unatazama mbele kupitia sehemu ya juu kabisa ya lenzi, au juu ya fremu kabisa. Mpira unaouona una ukungu, au fremu inakata mstari wako, na shingo inajiinua yenyewe kutafuta mahali pa kuonea. Na wewe unadhani unainuka kwa kukosa nidhamu. Mchezaji wa snuka Dennis Taylor, bingwa wa dunia wa 1985, alitengenezewa miwani mikubwa iliyopanda juu sana, ikaonekana kama ameivaa juu chini, watu wakacheka, naye akachukua kombe. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho nazo zinamaliza tatizo hilo kwa wanaoziweza. Kama utabaki na miwani, tafuta fremu yenye kioo kirefu kwenda juu, na ukifika kwa fundi wa miwani usikubali apime ukiwa umekaa wima. Omba meza, inama mbele yake kama unayetaka kupiga mweusi, akupime hivyo hivyo.